Sahihi Isiyo na Bei

Kuna vitabu ambavyo watu hawavihesabu kuwa vitabu. Ratiba ya meli ni mojawapo, daftari la simu ni jingine, na orodha ya bei za noti za zamani ni la tatu. Hakuna mhakiki anayejishughulisha navyo, maana inadhaniwa kwamba havina msimamo wala mtazamo, bali vinaeleza tu mambo yalivyo. Mimi sikubaliani na dhana hiyo. Kitabu chochote kinachomwambia mtu kipi kina thamani na kipi hakina, kina mtazamo, tena mtazamo mzito kuliko wa riwaya nyingi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, katika kurasa hizi nataka kuihakiki orodha ya bei kama ambavyo wengine wanahakiki tamthilia.

Nilikuwa keshia wa benki kwa miaka 22. Katika muda huo noti kwangu ilikuwa kitu cha kuhesabiwa, kufungwa katika mabunda na kuingizwa kwenye kasha la chuma. Sikuwahi kuitazama noti kwa ajili ya kuitazama. Baada ya kustaafu, mpwa wangu anayeishi Marekani alianza kuniletea katalogi za wakusanyaji wa noti, akijua kwamba nitazipenda, na kweli nimezipenda. Nazisoma jioni kama wengine wanavyosoma hadithi za upelelezi. Katika zote, zilizonishika zaidi ni zile zinazohusu noti ambazo Wamarekani wanaziita noti za benki za kitaifa.

Hapana budi kueleza kwanza ni noti gani hizo, maana jina lenyewe linapotosha. Sisi tukisikia benki ya taifa tunafikiria benki moja kubwa yenye makao makuu mjini na matawi mikoani. Huko Marekani, kati ya mwaka 1863 na 1935, mambo yalikuwa kinyume chake. Benki ya kitaifa ilikuwa benki yoyote ya watu binafsi, aghalabu ndogo sana, iliyopewa hati na serikali ya shirikisho mjini Washington. Benki hiyo ilinunua dhamana za serikali na kuziweka amana Hazina. Kwa dhamana hizo ikaruhusiwa kutoa noti zenye jina lake yenyewe, kwanza hadi asilimia 90 ya thamani ya dhamana, na baada ya mwaka 1900 hadi asilimia 100. Benki ikifilisika, mwenye noti hapotezi kitu, kwa kuwa Hazina inamlipa.

Sheria hiyo ilitiwa sahihi na Rais Abraham Lincoln tarehe 25 Februari 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Lengo lilikuwa mawili: kupata wanunuzi wa dhamana ili vita vigharimiwe, na kuondoa vurugu ya maelfu ya aina za noti zilizotolewa na benki za majimbo, ambazo mfanyabiashara hakuweza kujua ipi nzuri na ipi karatasi tupu. Mwaka 1865 Bunge lao likapitisha kodi ya asilimia 10 juu ya noti za benki za majimbo, na noti hizo zikafa. Tangu hapo hadi 1935, benki zaidi ya 12,000 zilitoa noti za kitaifa: katika miji mikubwa, katika vijiji vya wachimba madini, katika miji ya njia panda ambayo leo haina hata kituo cha treni.

Sasa, mtu akiletewa noti ya namna hiyo aitambue vipi? Hapa katalogi zinafundisha vizuri, na mimi kama mtu wa kaunta sina budi kuzisifu. Kwanza tazama maandishi yasemayo kwamba hii ni fedha ya kitaifa, kisha jina la benki, mji na jimbo. Tafuta namba ya hati. Benki ya kwanza kabisa ya Philadelphia ilipewa namba 1, na kila benki iliyofuata ikapata namba yake. Namba hiyo ndiyo kitambulisho, maana majina yalifanana mno. Miji mingi sana ilikuwa na benki iitwayo Benki ya Kwanza ya Kitaifa. Majina yanarudiwa, namba hairudiwi.

Kisha tazama ukubwa. Noti zote za kabla ya 1929 ni kubwa, kiasi cha milimita 187 kwa 79, kama kitambaa kidogo cha mkono. Za 1929 hadi 1935 zina ukubwa wa dola ya leo na mhuri wa rangi ya kahawia. Katika zile kubwa, mgongo na mhuri ndio vinavyosema umri. Toleo la mwanzo lina picha za historia mgongoni. Toleo la 1882 mara nyingi lina mgongo wa kahawia, na katikati namba ya hati imeandikwa kwa tarakimu kubwa za rangi ya kijani kibichi yenye ubuluu. Toleo la 1902 lilianza na mhuri mwekundu, na baadaye likawa na mhuri wa buluu. Ajihadhari mtu na tarehe iliyoandikwa usoni: haisemi noti ilichapwa lini, inafuata mwaka ambao benki ilianzishwa au ilipoongezewa muda wa hati yake. Noti yenye tarehe ya 1905 inaweza kuwa imechapwa miaka mingi baadaye.

Mwisho ni hali ya karatasi. Noti ambayo haijakunjwa hata mara moja iko juu kabisa. Kila mkunjo, kila tundu la pini, kila pembe iliyolika inashusha daraja. Siku hizi ziko kampuni zinazopima noti, zikazifungia ndani ya mfuko wa plastiki na kuzipa alama hadi 70. Anayeosha noti, kuipiga pasi au kuziba tundu kwa gundi anaiharibu, hata kama macho yake yanamwambia kwamba ameipendezesha. Hilo nalijua hata bila katalogi: noti iliyooshwa haitoi mlio wa noti, unaisikia kidoleni kwamba imelala.

Baada ya kutambua, ndipo linapokuja suala la bei, na hapa ndipo uhakiki wangu unapoanzia.

Katalogi inapima kwa vitu viwili tu: uadimu na hali. Uadimu maana yake ni noti ngapi za benki ile zinajulikana kuwa zimebaki. Noti ya dola 5 ya benki kubwa ya New York au Chicago inaweza kupatikana kwa bei ya kawaida. Noti ileile, yenye picha ileile na karatasi ileile, ikiwa imetoka Alaska, au Hawaii, au benki pekee ya kitaifa iliyotoa noti Puerto Rico, wanunuzi watapigana vikumbo. Robert Friedberg alipotoa kitabu chake cha noti za Marekani mwaka 1953, aliipa kila aina namba, na mpaka leo wafanyabiashara wanazungumza kwa namba hizo. John Hickman na Dean Oakes, katika katalogi yao ya 1982, wakashuka ngazi nyingine: wakaorodhesha benki kwa benki, mji kwa mji, na kuzipa daraja za uadimu. Ni kazi ya uvumilivu wa ajabu. Anayedhani ni kazi ndogo ajaribu kuorodhesha maduka yote yaliyowahi kufunguliwa Kariakoo.

Lakini tutafakari kipimo chenyewe. Noti inayotukuzwa na kipimo hiki ni ipi? Ni ile ambayo haikuguswa, iliyotoka katika benki iliyoshindwa kutoa noti nyingi. Yaani ni fedha ambayo haikufanya kazi ya fedha, ya benki ambayo haikufanya kazi ya benki. Noti iliyolipa mshahara wa wajenga reli, ikanunua unga, ikakunjwa ndani ya skafu ya mjane, ikapokelewa na kutolewa mara elfu, hiyo ni duni. Sisemi kwamba soko limekosea. Soko linauza kilicho haba, kama kawaida ya soko. Nasema tu kwamba ni mtazamo, wala tusidanganyane kwamba ni ukweli mtupu wa hesabu.

Hebu sasa tuigeuze noti na tuitazame kama kazi ya sanaa. Wahenga walisema, usione vyaelea, vyaundwa. Michoro ya toleo la kwanza ilichongwa na mafundi kwenye bamba la chuma, mstari kwa mstari, na ustadi wake unashangaza hata leo. Picha nyingi za mgongoni zimetolewa katika michoro mikubwa inayoning'inia chini ya kuba la jengo la Bunge mjini Washington. Mgongoni mwa dola 5 Columbus anashuka pwani. Mgongoni mwa dola 10 De Soto anaufikia mto Mississippi. Mgongoni mwa dola 20 Pocahontas, binti wa Wahindi Wekundu, anabatizwa. Mgongoni mwa dola 100 yupo kusanyiko la waliotangaza uhuru. Ni kitabu cha historia kilichokatwa vipande na kutiwa mifukoni mwa watu.

Na kama kitabu cha historia, kina kurasa zilizoachwa. Kumbuka mwaka: 1863. Tarehe 1 Januari ya mwaka huo Lincoln alitangaza kuwa watumwa wa majimbo yaliyoasi ni huru. Wiki nane baadaye akaitia sahihi sheria ya noti hizi. Katika picha za historia mgongoni mwa noti hizo hutamwona mtu mweusi. Upande wa pili wa vita, noti ya dola 100 ya majimbo yaliyoasi, ya mwaka 1862, ilikuwa na watumwa katikati ya uso wake, wanalima pamba kwa majembe. Waasi hawakuona haya kuonyesha utajiri wao ulikotoka. Serikali iliyopigana nao ilichagua kunyamaza. Ukizipanga noti hizo mbili mezani, unapata somo ambalo picha moja peke yake haikupi: mmoja anamwonyesha mtu mweusi kama chombo, mwingine hamwonyeshi katika historia yake.

Nilidhani habari imeishia hapo, na katalogi hazikunipa sababu ya kudhani vinginevyo. Lakini mazoea ya keshia hayaishi. Mkononi mwangu noti inapofika, jicho linakwenda kwenye sahihi. Kila noti ya benki ya kitaifa ilikuwa na sahihi nne. Mbili ni za wenyeji: rais wa benki na keshia wake, zilizoandikwa kwa kalamu, na baadaye mara nyingi kugongwa kwa mhuri, bila hizo noti haikuwa fedha. Mbili zilichapwa pamoja na noti: ya Mweka Hazina wa Marekani na ya Msajili wa Hazina. Katika katalogi majina haya yamo ndani ya safu nyembamba pembeni, wawili wawili, kama majina ya timu. Bruce na Gilfillan. Bruce na Wyman. Lyons na Roberts. Vernon na Treat. Napier na McClung. Jozi ikibadilika, namba ya katalogi inabadilika. Maelezo mengine hakuna.

Nikauliza, nikasoma, nikatafuta. Bruce ni Blanche K. Bruce, aliyezaliwa mtumwa katika jimbo la Virginia mwaka 1841. Baada ya vita alikwenda Mississippi, akawa seneta kuanzia 1875 hadi 1881, mtu mweusi wa kwanza kumaliza kipindi kizima katika Seneti. Mwaka 1881 akateuliwa Msajili wa Hazina, na jina lake likawa la kwanza la mtu mweusi kuandikwa katika fedha ya Marekani. Akarudi tena katika cheo hicho mwaka 1897, akafa akiwa nacho mwaka 1898. Lyons ni Judson Lyons, mwanasheria wa Georgia, aliyemfuata hadi 1906. Vernon ni William T. Vernon, mwalimu wa Kansas. Napier ni James C. Napier wa Nashville, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa benki ya akiba ya watu weusi mwaka 1904. Wote wanne walikuwa watu weusi.

Hawakuishia hapo. Mwaka 1913 serikali mpya ya Rais Woodrow Wilson ilipoanza kuwatenga wafanyakazi weusi ndani ya ofisi za Hazina, Napier alijiuzulu. Aliyefuata alikuwa Gabe Parker, wa kabila la Wachoctaw, na baada yake Houston Teehee, wa kabila la Wacherokee. Basi tazama ajabu hii: katika picha za mgongoni za toleo la kwanza Mhindi Mwekundu ni binti anayebatizwa mbele ya wageni, na mtu mweusi hayumo, katika sahihi za matoleo yaliyofuata wote wawili wamo, kwa majina yao, wakitoa idhini ya fedha kuwa fedha. Mchoraji alisema moja, karani akasema jingine, na karani ndiye aliyekuwa na kalamu.

Liko jambo jingine ambalo ni mtu wa benki tu atakayelifurahia. Sahihi hizo mbili za Hazina zilichongwa kwenye bamba la benki husika kufuatana na wakati wa kupata au kuongezewa hati, na hati ilidumu miaka 20. Bamba likishachongwa, sahihi hazikubadilishwa hata kama wenye sahihi wamekwisha ondoka madarakani. Kwa hiyo benki iliyopata hati yake wakati wa Bruce iliendelea kupokea noti zenye jina la Bruce hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1890 jimbo la Mississippi liliandika katiba mpya iliyowanyang'anya watu weusi kura kwa njia ya kodi na mitihani ya kusoma. Seneta wao wa zamani asingeweza kuchaguliwa tena huko. Lakini jina lake lilikuwa linachapwa bado, na waliomnyima kura walikuwa wanalikunja na kulitia mfukoni. Vivyo hivyo Napier: alijiuzulu 1913, na zipo benki ambazo noti zake zilichapwa na jina lake mpaka zilipokuja noti ndogo za 1929.

Katika safari moja ya kumtembelea mpwa wangu, alinipeleka kwenye maonyesho ya wakusanyaji. Ukumbi ulikuwa mkubwa, meza zimejaa noti ndani ya plastiki. Nilimkuta mfanyabiashara mmoja mzee, mstaarabu, ana noti ya mgongo wa kahawia yenye sahihi ya Bruce. Nikamuuliza kama mtu mwenye sahihi ile anaongeza chochote. Akaitazama, akanitazama, akajibu kwa upole kwamba ile ni sahihi tu, ziko nyingi, haiongezi bei. Angalia mji, mzee wangu, angalia mji. Mpwa wangu alikasirika. Mimi sikukasirika. Kwa kipimo chake yule bwana alisema kweli tupu.

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi, na ndilo lililonifanya niandike haya. "Ziko nyingi." Kwa katalogi, maneno hayo yanafunga mjadala: kilicho kingi hakina thamani. Lakini kwa habari ya sahihi ya Bruce, wingi ndio habari yenyewe. Lau jina lake lingekuwa kwenye noti tatu tu, lingekuwa jambo la ajabu la kuwekwa ndani ya kabati la makumbusho. Kwa kuwa lilikuwa kwenye noti za benki chungu nzima, za kaskazini na kusini, likapita mikononi mwa watu wasiohesabika, ni ushahidi kwamba kwa wakati fulani mtu aliyezaliwa bila haki ya kumiliki hata shati lake aliithibitisha fedha ya nchi nzima, na nchi ikaipokea. Kipimo cha uadimu hakina jicho la kuona jambo la namna hiyo. Ni kama kupima urefu wa wimbo kwa futi kamba.

Mfano mzuri wa upofu huo ni jozi ya Napier na Thompson. Wakusanyaji wanaitazama kwa makini, na mara nyingi wanailipia zaidi. Kwa nini? Kwa sababu watu hao wawili walikuwa ofisini pamoja kwa miezi michache tu, kutoka mwishoni mwa 1912 hadi mwanzoni mwa 1913, kwa hiyo bamba zenye majina yao ni chache. Bei imepanda kwa sababu ya kalenda. Napier mwenyewe hana habari humo, na angekuwa nani mwingine bei ingekuwa ileile.

Je, basi nazilaumu katalogi? La hasha, si kwa wepesi huo. Nina sababu mbili za kuzitetea. Ya kwanza ni kwamba ukavu wao ndio uliohifadhi majina haya. Katika miaka ambayo vitabu vingi vya shule vya Marekani vilimsahau Bruce, wakusanyaji wa noti, ambao wengi wao hawakujua wala kujali alikuwa nani, waliendelea kuliandika jina lake mahali pake, kwa herufi zilizo sahihi, kwa kuwa bila hilo hesabu yao isingekamilika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hili lilitunzwa na watu wasiojua kwamba wanatunza habari, lakini lilitunzwa.

Sababu ya pili ni ya kaunta. Namwogopa mwuzaji mwenye hadithi. Yuko mtu atakayekuuzia karatasi ya kawaida kwa bei ya shamba, kwa madai kwamba noti hii iliwahi kuwa ya fulani, ilipatikana ndani ya Biblia ya fulani, ilinusurika moto wa fulani. Siku tutakayosema kwamba hadithi ni sehemu ya bei, matapeli wote watakuwa watunzi wa hadithi. Katalogi kavu ni kinga ya mjane anayeuza noti za marehemu mumewe: akifungua ukurasa wa benki ile, mji ule, namba ile, hakuna ulimi mtamu utakaompunja. Hilo si jambo dogo, na mhakiki asiyelitambua hajawahi kuona mtu akipunjwa.

Kwa hiyo ninachodai si kwamba sahihi ya Bruce ipandishwe bei. Kupandisha bei kungekuwa kuingiza jambo katika kipimo kilekile ambacho hakiwezi kulipima. Ninachodai ni safu moja zaidi. Bei ibaki katika safu yake, ipimwe kwa uadimu na hali kama kawaida. Kando yake iwepo safu ya habari: nani alitia sahihi, alitokea wapi, nini kilimpata, benki ilikuwa ya nani, iliwahudumia watu gani, ilikufa kwa ugonjwa gani. Benki ya Kitaifa ya Douglass huko Chicago, kwa mfano, ilianzishwa na Wamarekani weusi mwaka 1922, ikapewa jina la Frederick Douglass, ikafungwa mwaka 1932 katika dhiki kuu ya uchumi iliyomeza maelfu ya benki. Mtu anayeuza noti ya benki hiyo na kutaja mji na namba ya hati tu, ameeleza karatasi, hajaeleza noti. Wako waandishi wa noti ambao wamekwisha anza kufanya hivyo, wanafukua historia ya kila benki ndogo, na heri yao. Nataka iwe desturi, isiwe hiari ya mwenye moyo.

Yamkini msomaji atauliza, haya yanatuhusu nini sisi tusio na noti hata moja ya Marekani ya zamani? Yanatuhusu sana. Benki Kuu ya Tanzania ilipotangaza kuondoa katika mzunguko noti za zamani za kati ya mwaka 1985 na 2003, ikatoa muda wa kuzibadilisha kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, watu wengi walifungua masanduku. Nimeulizwa na majirani, na vijana wa mtaani, na hata shemeji yangu wa Tanga: noti hii ni ya thamani gani? Nawajibu kwanza kwa lugha ya katalogi, kwa maana ndiyo ya kweli: noti iliyochapwa kwa mamilioni, iliyokunjwa na kuchakaa, haitakujengea nyumba, na anayekuambia itakujengea anataka kitu kwako. Noti ya Marekani ya 1875 ingali na thamani yake ya usoni kisheria hata leo. Yetu ilikuwa na siku yake ya mwisho, nayo imekwisha pita, kwa hiyo usiikalie ukisubiri utajiri.

Kisha naongeza ya pili. Ukiamua kubaki nayo, isome. Geuza, tazama picha: nani amechorwa na nani hakuchorwa. Tazama chini, kwenye sahihi. Noti zetu za kwanza za 1966 zilibeba sahihi ya gavana wa kwanza, Edwin Mtei, na ndani ya mwandiko ule umo mwaka ambao nchi ilianza kutoa fedha yake yenyewe baada ya kutumia ile ya Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa London. Waulize wazee wako noti ile ilinunua nini, mshahara wa kwanza ulikuwa ngapi, bei ya kilo ya sukari. Andika majibu kwenye karatasi, uiweke ndani ya bahasha moja pamoja na noti, na tarehe juu yake.

Wakusanyaji watakuja siku moja na katalogi zao, watapima mikunjo, watahesabu zilizobaki, watasema bei. Waache waseme, hiyo ni kazi yao na wanaifanya kwa uaminifu. Ila wakute bahasha ina karatasi mbili.